Masaa Kumi na Tano Kutoka Edmonton

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, bado navaa sketi ya shule ambayo pindo lake limeteremshwa mara tatu, na nimestaafu. Wazee wa kwetu wakistaafu hupewa blanketi, jiko la gesi na hotuba ndefu. Mimi niliambiwa nifagie vipande vya karatasi chini ya printa, kisha nimwachie ufunguo Hamisi wa bucha. Kwa hivyo hotuba najipa mwenyewe, na nyinyi wa Gredi ya Kumi mnaozungukazunguka hapa Nchiru mkitafuta kibarua cha likizo kwenye saiba, mtanisikiliza mkitaka msitake.

Sitawaambia kazi ni heshima. Hayo mtaambiwa na watu ambao hawajawahi kuvuta karatasi iliyokwama kwenye printa ya moto huku mteja akiwapumulia shingoni. Mimi nawaambia nina hasira, na nitaanza na sababu yake ili msije mkasema niliwazungusha. Kuna mwanamke anaitwa Kinya. Alitoka Edmonton, kule Kanada, kuja kumzika mama yake Kibirichia. Mazishi yalipangwa yasimngoje, kwa sababu ya karatasi moja niliyoitafuta mimi, nikaichapa mimi, nikaigonga muhuri mimi. Ndiyo kazi kubwa niliyofanya katika likizo nne. Mengine yote yalikuwa kupasha kiti moto.

Mwenye saiba ni Bwana Kirimi. Sisi tulimwita Meneja, kwa kuwa alimeneji kompyuta tatu, moja ikiwa imekufa zamani lakini bado inafutwa vumbi kila asubuhi ili wateja wahesabu tatu. Sitamnyima haki yake, alinifunza mengi. Karatasi ukiitoa kwenye pakiti ipepete kwanza kama unapepeta maharagwe, la sivyo printa itameza tano kwa mpigo. Wino ukianza kufifia usikimbilie kununua mwingine, toa ile katriji uitikise polepole, utapata kurasa zaidi. Mteja akifungua barua pepe yake kwako, hakikisha ameifunga kabla hajatoka, kwa sababu anayekaa baada yake ni mwanafunzi wa chuo, na wanafunzi wa chuo hawana dini.

Lakini funzo lake kubwa lilikuwa hili: mteja akiuliza, jibu. Usikune kichwa. Ukikuna kichwa mteja anavuka barabara anaenda kwa jirani. Meneja alilirudia kila asubuhi tukifungua, na mimi nikalishika kuliko Sala ya Bwana. Sasa najua kwamba lilikuwa funzo la kipumbavu. Kichwa kiliwekewa nywele ili kikunwe.

Nilipaswa kujua mapema. Likizo yangu ya kwanza alikuja baba mmoja wa Siakago, mfanyakazi wa serikali, suti safi ya kaki, ana tiketi ya kwenda Kisumu kwenye simu ya binti yake. Alitaka ichapwe, akaniuliza ndege inaondoka saa ngapi. Tiketi ilisema 07:00. Nikamwambia saa saba, Baba. Sikukuna kichwa. Yule mtu aliingia uwanja wa ndege saa tano asubuhi, ametulia, ana mayai mawili ya kuchemsha mfukoni, akaambiwa ndege yake ilitua Kisumu zamani na abiria wenzake pengine walikuwa kwenye samaki. Alinipigia simu. Maneno aliyotumia si ya mfanyakazi wa serikali. Tulicheka wiki nzima, mimi nikimwigiza akimenya yai. Nilichojifunza ni kuigiza tu.

Aliyejaribu kunifunza kweli ni Hamisi. Anko Hamisi ana bucha ukuta kwa ukuta na saiba yetu. Amezaliwa Meru mjini, dada yake anafanya kazi Jedda, na kwa sababu hiyo amesindikiza watu wengi uwanja wa ndege kuliko dereva yeyote wa huku. Siku moja alinikuta nikimwambia mteja eti safari ni masaa sita na dakika arobaini, baada ya kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kama hesabu ya darasa la tatu. Akangoja mteja aende. Kisha akachana kipande cha karatasi ya kufungia nyama, akachora nyumba mbili.

"Hii ni mlango wako ukiufunga," akasema. "Hii ni mlango wa mwenyeji wako ukifunguliwa. Safari ni kutoka hapa mpaka hapa. Ndege ni kipande tu hapo katikati. Na hizo saa mbili kwenye tiketi, kila moja ni ya ukuta wa kwao. Saa ya ukuta wa kwetu haijui ya ukuta wa Jedda."

Nikamwambia Anko, wewe uza matumbo, mambo ya kompyuta tuachie. Akacheka, akarudi kwa mbuzi wake. Ile karatasi yenye damu ya nyama niliitupa.

Sasa mnisikilize kuhusu tovuti. Ziko tele kwenye mtandao. Unaandika mji wa kwanza, unaandika mji wa pili, inakuchorea mstari uliopinda kama ndizi juu ya ramani, inakupa kilomita, halafu inakupa muda wa safari mpaka dakika. Ni ile dakika inayowaua watu. Ingesema "kama masaa kumi na tano hivi", mtu angeuliza maswali. Inasema kumi na tano na dakika ishirini na tatu, basi kila mtu ananyamaza, kwa sababu nani atabishana na dakika ishirini na tatu. Haisemi kwamba hakuna ndege inayopita kwenye huo mstari. Haisemi kwamba imechukua kilomita ikagawanya kwa mwendo wa ndege ya kufikirika, isiyo na abiria wa kupanga foleni wala mzigo wa kusubiri. Inakuona wewe kunguru. Aliyeitengeneza sijui analalaje.

Jumatatu moja ya likizo ya Agosti waliingia watu wawili kutoka Kibirichia. Mmoja ni Mwenda, kijana wa viazi, mpole mpaka unataka kumtikisa kama katriji. Mama yake alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Wa pili ni Mwalimu Mbaabu, aliyekuwa hedimasta wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mwalimu Mbaabu ni mwenyekiti wa kila kamati ya huko, mazishi, harusi, maji, ng'ombe aliyepotea. Anatembea na faili. Karatasi isiyo na muhuri kwake ni tishu.

Walikuja kuchapisha programu ya mazishi, ile ya kurasa nne yenye picha ya marehemu mbele na wasifu ndani. Siku ilikuwa haijaandikwa. Mwenda akasema dada yake Kinya, ambaye ndiye kifungua mimba, anatoka Kanada Jumatano jioni na amesema atafika Nairobi Ijumaa asubuhi. Kwa hivyo familia inaomba mazishi yawe Jumamosi, amkute mama juu ya ardhi.

Mwalimu Mbaabu hakupenda Jumamosi. Wakati huo sikujua kwa nini. Aliniangalia juu ya miwani akaniuliza, huo mji wa Edmonton uko umbali gani na ndege inachukua masaa mangapi.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikukuna kichwa. Niliandika miji miwili, mstari ukapinda, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: kilomita elfu kumi na tatu na zaidi ya mia sita, masaa kumi na tano na dakika ishirini na tatu.

Mwalimu akahesabu kwa vidole. Jumatano jioni, ongeza masaa kumi na tano. Alhamisi asubuhi.

"Na yeye anasema Ijumaa," akamgeukia Mwenda. "Hiyo siku moja anaenda wapi?"

Mwenda alisema hajui, labda kuna kubadilisha ndege. Alisema polepole, akiangalia viatu vyake. Na hapo, wadogo zangu, mimi ambaye darasa zima hunijua kwa mdomo, mimi ambaye siwezi kuona kimya bila kutia kitu ndani, nikasema: "Labda anapitia Dubai kununua wigi."

Meneja akacheka. Mwalimu Mbaabu hakucheka. Aliliweka lile neno mahali fulani kichwani, nikamwona akiliweka. Kisha akaniambia nichape ule ukurasa wa tovuti, wote, na ramani yake. Nikachapa. Akasema gonga muhuri. Meneja akasema gonga, kwani muhuri unaisha? Nikagonga muhuri wetu wa duara wa buluu, wenye jina la saiba na tarehe, juu kidogo ya bahari ya Atlantiki. Mwalimu akaupuliza ukakauka, akauweka kwenye faili. Programu ikaandikwa Ijumaa, ibada saa nne, kaburini saa sita.

Jioni ile ile kamati ilikaa. Mwenda alinisimulia baadaye. Mwalimu alisoma karatasi yangu mbele ya watu kama anasoma matokeo ya mtihani. Masaa kumi na tano na dakika ishirini na tatu. Akapitisha muhuri kila mtu auone. Mama mmoja akauliza kama msichana atachelewa kidogo tu itakuwaje, na jibu likatoka kwenye kona nyingine, sijui ni la nani, kwamba inajulikana Kinya anapitia Dubai kununua wigi. Inajulikana. Lilitoka mdomoni mwangu saa nane mchana, na kabla chai ya kamati haijapoa lilikuwa limeshajulikana. Kinya akapiga simu, wakamwambia kamati imeshakata. Alilia, akasema tena Ijumaa asubuhi, akasema tena Jumamosi tafadhali. Wakamwambia wamepiga hesabu.

Fikirieni hapo kidogo. Mtu ndiye atakayekalia kile kiti. Tiketi ni yake, makalio ni yake. Anawaambia nitafika siku fulani, nao wanamwambia hapana, sisi tuna karatasi. Nikikumbuka natamani kuuma meza.

Alhamisi asubuhi Mwenda akaja saiba mbio, anataka nimwangalizie kama ndege ya dada yake imetua ili amtumie teksi. Kinya alikuwa amemtumia picha ya tiketi kwenye Wasap akiwa kwenye foleni ya kupanda. Nikaifungua. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuiona. Nikaona ndege tatu. Edmonton mpaka Toronto. Toronto mpaka Amsterdam. Amsterdam mpaka Nairobi. Katikati yake vipande vya kungoja, kimoja cha masaa sita. Na mwisho kabisa, kufika: Ijumaa, 09:10.

Nikamuuliza mbona hukumwomba dada yako hii tiketi Jumatatu. Akasema, "Hamkuniuliza. Mliuliza umbali."

Nilitoka na simu mpaka kwa Hamisi, nikaiweka juu ya kaunta, karibu na figo. Alifuta mikono, akasoma kwa kidole kimoja. Hakunikumbusha ile karatasi ya nyama, na ingekuwa afadhali angenikumbusha. Alisema Kanada iko nyuma yetu masaa tisa msimu huu. Kwamba dada wa watu alipofunga mlango wake Jumatano jioni, huku kwetu ilikuwa imeshaingia Alhamisi. Kwamba hata hiyo ndege ya kunguru yenye masaa kumi na tano, ikitoka saa hiyo, isingetua Alhamisi asubuhi, ingetua jioni. Kwamba sasa hivi, tunapoongea, Kinya alikuwa hata hajavuka bahari.

"Huyu hajadanganya hata dakika moja," Hamisi akasema. "Ni nyinyi."

Tulipanda pikipiki, mimi na Mwenda, mpaka Kibirichia. Upepo wa huko mnaujua, unapita kwenye sweta kama haipo. Kamati ilikuwa nyumbani kwa marehemu inamenya viazi na kupima mahali pa hema. Nikamwendea Mwalimu Mbaabu nikamwambia ile karatasi ni makosa. Nikamwonyesha tiketi. Nikamweleza saa za ukuta, ndege tatu, kungoja, yote. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu kuongea dakika tano bila kutia mzaha.

Mwalimu akafungua faili. Akatoa karatasi yangu, akaweka kidole juu ya muhuri.

"Hii ni yenu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Muhuri ni wenu?"

"Ndiyo, Mwalimu, lakini..."

"Basi. Hiyo ya simu haina muhuri. Hata mtoto anaweza kuichora."

Nikampigia Meneja, nikaweka sauti juu ili wote wasikie, nikamwomba aseme tulikosea. Akasema kompyuta haikosei, labda ni mambo ya hali ya hewa. Huyu ndiye mtu aliyenikataza kukuna kichwa. Siku hiyo ndiyo niliyostaafu moyoni, ingawa miguu ilibaki mpaka Jumamosi.

Na ni hapo, nikiwa nimesimama katikati ya maganda ya viazi, nilipomsikia mama mmoja akimuuliza Mwalimu kama hema litawahi harusi. Nikauliza harusi gani. Harusi ya Jumamosi, huko Kiirua. Hema ni lile lile, viti ni vile vile, na mwenyekiti ni Mwalimu Mbaabu yule yule. Ndiyo maana Jumamosi haikuwezekana. Haikuwa masaa kumi na tano wala ishirini. Karatasi yangu ilikuwa kisingizio tu, kisingizio kizuri chenye ramani.

Nilirudi Nchiru nikiwa siwezi hata kutukana. Meneja alikuwa ameenda kula. Niliwasha kompyuta nikafungua ile programu ya mazishi, nikaangalia ukurasa wa wasemaji. Walikuwa watano. Hapo nikakumbuka kitu mnachokijua nyote: huku kwetu jina la mtu likishachapwa kwenye programu, kuliruka ni kumtukana yeye, bibi yake na ukoo wake, na yuko tayari kutoongea na wewe mpaka mazishi yako mwenyewe. Mwalimu Mbaabu anaabudu karatasi. Basi nikamchapia karatasi.

Nikampigia Mwenda, nikamwambia nitajie kila mtu aliyemfahamu mama yako. Alianza polepole, kisha akashika moto. Mwakilishi wa kikundi cha wakulima wa viazi. Wanakwaya wa zamani. Jirani wa juu, jirani wa chini. Mwalimu wake wa chekechea ya watu wazima. Mwanamke aliyeuziwa ng'ombe na marehemu. Shosho Ciomwereria, bibi kizee aliyeolewa mwaka ule ule alioolewa marehemu, wakapanda viazi pamoja miaka yote. Watano wakawa kumi na tisa. Nikachapa mia moja na hamsini, nikazikunja, nikagonga muhuri kila moja, mkono ukavimba. Asubuhi Mwenda alizigawa mapema, kabla Mwalimu hajavaa koti.

Ijumaa nilikuwepo. Mwalimu alipoona programu uso wake uligeuka rangi ya kiazi kilichopigwa na jua, lakini watu walikuwa wameshaona majina yao. Mwanamke wa ng'ombe alikuwa amevaa kofia kwa ajili ya hotuba. Angeliruka jina gani? Saa sita ilipita tukiwa namba saba. Tangu ibada inaanza simu ya Mwenda ilikuwa imeshalia: Kinya ametoka uwanja wa ndege, mzigo wake umebaki Amsterdam, ameuacha, yuko njiani. Jirani wa juu aliongea dakika ishirini kuhusu mpaka wa shamba. Sijawahi kumpenda mtu mzima hivyo. Simu ikalia tena: amefika Naro Moru.

Saa saba na nusu Mwalimu akatazama saa, akatazama hema, akachukua kipaza sauti. Alisema waliobaki watasimama wote pamoja wapunge mkono. Shosho Ciomwereria alikuwa namba kumi na moja, alikuwa amesema sentensi mbili tu. Akabaki amesimama na mdomo wazi. Mwenda, yule mpole, akaenda mbele ya watu wote akamshika Mwalimu mkono wa koti.

"Dada yangu yuko Nanyuki. Ni saa moja tu, Mwalimu. Tungoje saa moja."

Mwalimu akasema kwenye kipaza sauti, kila mtu akasikia: "Tumeambiwa yuko Nanyuki. Hesabu ilikuwa awe hapa tangu jana. Kamati haiwezi kufungwa na mtu anayepitia mahali." Na nyuma yangu nikasikia mtu akimnong'oneza mwenzake kuhusu wigi.

Walimteremsha mama yake saa nane kasorobo. Wanaume wa huko wanachimba viazi tangu utotoni, shimo walilijaza upesi mno.

Teksi iliingia saa nane na nusu, wakati watu wanapanga mashada. Kinya alishuka bado amevaa ule mto wa shingoni wa kulalia kwenye ndege, hajui kama bado uko. Hana mkoba, hana chochote. Nywele zake zilikuwa za kusuka kawaida, zimeota chini, mtu yeyote angeona hazijaguswa mwezi mzima. Alitembea mpaka kwenye udongo akasimama. Hakupiga kelele. Wanawake walimshika, akawatoa mikono polepole. Akauliza nani alipanga saa.

Mwalimu Mbaabu alitoa faili. Nadhani alifurahi kuulizwa. Akampa karatasi. Kinya aliisoma yote, juu mpaka chini, kama mtu anayesoma matokeo ya daktari. Akapitisha kidole kwenye ule mstari uliopinda.

"Kama hii ndege ingekuwepo," akasema, "si ningeipanda?"

Mwalimu alianza kusema kitu kuhusu muhuri. Kinya akaangalia muhuri, akauliza huyu ni nani. Nikainua mkono kama niko darasani. Nikasema ni mimi, Anti. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasema na ile ya wigi pia ni mimi, nilikuwa nafanya mzaha.

Nilitaka anizabe kofi, lingekuwa dogo. Akaona programu mkononi mwangu. Akaichukua, akaifungua, akaona wale kumi na tisa.

"Hawa wote waliongea?"

"Walikatwa, Anti. Wengine walipunga mkono."

Akanirudishia. Akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mstari wa mbele, peke yake, mto bado shingoni, akasema: "Soma. Kutoka juu. Nani alisema nini."

Nikakaa chini kwenye majani karibu na miguu yake, nikaanza na sala ya kufungua. Nilimwambia nani aliomba na alikohoa wapi. Nilimwambia mwanakwaya aliyesahau ubeti. Jirani wa juu nilimpa dakika zake zote ishirini pamoja na mpaka. Mwenda akaja akakaa. Mwanamke wa ng'ombe akasikia nakosea jina la ng'ombe, akaja kunisahihisha, akabaki. Tulipofika kumi na moja, Shosho Ciomwereria alikuwa ameshavuta kiti. Akaanza hotuba yake tangu mwanzo, kwa Kimeru, mikono ikionyesha urefu wa mtaro wa kwanza waliochimba pamoja, na Kinya kwa mara ya kwanza akainamisha kichwa akalia vizuri.

Vijana wa hema walikuwa wameshang'oa upande wa nyuma. Lori lilikuwa linanguruma langoni. Mwalimu Mbaabu alikuja na faili kwapani, akasema viti vinatakiwa Kiirua kabla ya jioni, tafadhali tuinuke.

Shosho akashusha mikono. Kinya hakuinua kichwa. Nilimwangalia Mwalimu, nikaangalia programu yangu, zilibaki hotuba nane, na wenyewe walikuwa wameshasogeza viti.

Nikamwambia angoje.

Akasimama palepale, upepo ukimpeperushia koti, vijana wa hema nyuma yake wakishikilia kamba, mpaka tukamaliza namba kumi na tisa.